Zamu ya Kusukumwa

Kwenye kona ya pili kapu liliteleza kiubavuubavu, likaelekea ukuta wa nyumba ya mtu, na mama yangu akapiga kigelegele.

Kigelegele kabisa, kile cha harusini. Wanaume wawili waliokuwa nyuma yetu, nguo nyeupe, kofia za majani makavu, waling'ang'ania kamba, wakalaza miili upande mmoja, na kapu likarudi katikati ya barabara bila kupunguza mwendo. Mbao za chini zilikuwa zikikwaruza lami. Soli za viatu vyao zilikuwa zikisaga barabara, na hizo ndizo breki, nyingine hakuna. Sikioni mwangu kulikuwa na mtu anahema.

Nikafumba macho.

Wengi hufumba macho pale kwa woga, na siwalaumu, maana barabara ni ileile inayopitwa na magari. Mimi woga haukuwa mkubwa hivyo. Kilichonifumba macho ni kitu kingine, na sasa ni wiki ya saba nakitafutia jina.

## Picha

Mteremko unaanzia Monte, juu ya jiji la Funchal, kisiwani Madeira, Ureno, na kuishia kilomita mbili chini, Livramento. Ni kama dakika kumi. Kapu lenyewe ni kochi la kusukwa, limepigiliwa juu ya mbao mbili zilizopakwa grisi, halina gurudumu wala usukani. Wanaokuendesha wenyewe huitwa carreiros. Usafiri huo ulianza katikati ya karne ya 19, na siku hizo haukuwa mchezo: ndivyo wakazi wa Monte walivyoshukia mjini.

Kabla hatujapanda tuliingia kanisani pale juu. Kuna kaburi la Karl, Kaizari wa mwisho wa Austria, aliyefia uhamishoni kisiwani humo mwaka 1922. Mama alisimama mbele ya jeneza muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Na huyu naye walimsukuma?"

Sikuwa na jibu.

Njiani, kwenye kona mojawapo, amekaa mpigapicha. Ukifika mwisho wa safari picha yako imeshachapishwa na kutiwa kwenye kadi. Mama alinunua yetu kabla sijafungua mdomo kusema ni ghali.

Katika picha hiyo mama amepanua kinywa, mkono mmoja uko hewani, mkoba ameubana mapajani kama mtu aliye kwenye basi lenye vibaka. Mimi niko pembeni yake, macho nimefumba, uso nimeukunja. Nyuma yetu mzee mmoja anaonekana mzima, mishipa ya shingo imesimama. Wa pili amekatwa na ukingo wa picha. Umebaki mkono wake tu, umeshika kamba.

Tuliporudi mama aliituma kwenye kundi la ukoo. Wajomba wakacheka. Shangazi akauliza mbona nimenuna likizoni. Nikajibu kwa kikatuni kimoja cha kucheka, nikaweka simu chini.

Nilikuwa nikiutazama ule mkono.

## Orodha

Ukisema kisiwa, watu wanaona mchanga. Madeira ni mlima uliochomoza katikati ya Atlantiki, kilele chake Pico Ruivo kina mita 1,862, na kingo zake zinaanguka moja kwa moja majini. Ufukwe wa manjano wa Calheta mchanga wake umeletwa kwa meli kutoka Moroko. Anayetaka mchanga wa kuzaliwa nao apande feri kwenda Porto Santo, zaidi kidogo ya saa mbili, kuna ufukwe wa kilomita tisa. Hatukwenda. Mama alisema hakuvuka bahari ili akaanikwe.

Basi nikatengeneza orodha ya vitu vya kutazama, maana mimi ni mtu wa orodha.

Pico do Arieiro alfajiri, mita 1,818, kuliona jua likichomoza juu ya mawingu: tuliona ukungu, saa nzima, tukarudi kunywa chai. Porto Moniz, ambako lava iliyoganda imekinga maji ya bahari yakawa mabwawa ya kuogelea: safi sana, nendeni, mama alitumbukiza miguu hadi vidole vikakunjamana. Nyumba za Santana zenye paa la nyasi linalogusa ardhi: dakika kumi zinatosha.

Sokoni, Mercado dos Lavradores, tulikaa asubuhi nzima, na si kwa sababu ya maua yaliyolijaza lango. Kwanza ni samaki. Espada ni mweusi kama chungu kilichopikiwa kwa kuni, mrefu, meno ya sindano, macho makubwa yaliyotoka nje. Huvuliwa usiku kwa mishipi mirefu inayoshushwa kina cha kilomita moja hivi, na hafiki juu akiwa hai. Halafu wanamkaanga na kumwandalia kwa ndizi mbivu. Mama alimla akiwa amempa kisogo yule aliyelala mezani.

Pili ni maneno. Mama hajui Kireno, lakini muuza samaki alipopiga kofi juu ya meza na kusema mesa, aligeuka. Kisha vinho. Kisha bandeira. Kisha mwanamke mmoja akaomba lenço lake, na lilikuwa kitambaa cha kichwani.

"Hawa wanasema Kiswahili vibaya," mama akasema.

Nikamweleza habari za Wareno na pwani, na kwamba hata gereza tulilipata kwenye igreja, yaani kanisa. Akanitazama.

"Kanisa likawa jela?"

"Ndivyo wanavyosema wataalamu, mama."

"Basi hiyo ibada ilikuwa ya namna gani."

## Nani analima kule

Siku ya pili tulikwenda Cabo Girão. Ni jabali la mita 580 lililosimama wima juu ya bahari, na tangu 2012 kuna jukwaa lenye sakafu ya kioo. Kazi yako pale ni kusimama juu ya kioo, kutetemeka, na kupigwa picha ukitetemeka. Niliifanya kikamilifu.

Mama alikuwa amepiga magoti.

Nilidhani kizunguzungu. Nikamkimbilia. Alikuwa ameweka viganja viwili kandokando ya uso ili kuzuia mwanga, kama mtu anayechungulia dirishani, akitazama chini kupitia miguu ya watalii.

"Mwanangu, kuna mashamba kule."

Kweli yalikuwapo. Chini kabisa, kati ya jabali na mawimbi, kuna kipande cha ardhi bapa, wenyewe huita fajã, kimekatwakatwa vishamba vya kijani vilivyonyooka kama madaftari. Nilikuwa nimeshatazama kule mara tatu na sikuona shamba. Niliona kina.

"Nani analima kule? Anashukaje? Na mavuno anayapandishaje?"

Ikabidi niulize. Kumbe kuna kigari cha waya, kiliwekwa kwa ajili ya wenye mashamba, na watalii nao hukipanda. Kipo kingine Achadas da Cruz, upande wa kaskazini magharibi, nacho kilijengwa ili wakulima wafike kwenye vishamba vyao vya ufukweni. Kabla ya hapo walishuka kwa miguu au walifika kwa mashua.

Mama akainuka, akapangusa magoti. "Hapo sasa umenionyesha kitu," akasema, ingawa aliyeonyeshwa ni mimi.

Kuanzia siku hiyo orodha yangu ilianza kuharibika.

## Maji yana mwenyewe

Kila aliyekwenda Madeira atakuambia habari za levada. Ni mifereji. Mvua inanyesha kaskazini na milimani, mashamba mazuri na watu wengi wako kusini kwenye jua, kwa hiyo tangu karne ya 15 watu wa kisiwa wamekuwa wakichonga njia za maji kwenye miamba, zikizunguka mlima baada ya mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba jicho halitambui. Ukizijumlisha unapata zaidi ya kilomita 2,000, kwenye kisiwa ambacho urefu wake haufiki hata 60. Kando ya kila mfereji kuna kinjia cha mtunza mfereji, levadeiro, na hicho kinjia ndicho leo kivutio namba moja cha utalii.

Tulianza na kifupi, cha Balcões, kutoka Ribeiro Frio. Kilomita moja na nusu, tambarare, mama alitembea mikono mgongoni. Pale mwisho kuna roshani inayotazama bonde na vilele, na kuna ndege wadogo ambao wameshaacha kuogopa watu kwa sababu ya makombo. Mmoja alitua kwenye kiganja cha mama. Wageni wote wakatoa simu.

Yeye alikuwa akiwaza jambo jingine. Tulipokuwa tukirudi alisimama penye kilango kidogo cha chuma kwenye ukuta wa mfereji.

"Hapa wanafungua maji. Zamu leo ni ya nani?"

Lazima niseme hapa kwamba mama amekulia kwenye shamba la mfereji. Utoto wake wote umepimwa kwa zamu ya maji: nani anafungua, lini, nani kaiba usiku. Mimi nimelelewa kwenye bomba. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu levada na hakuna hata moja iliyonifanya niulize swali hilo.

Na lina jibu. Kuna zamu, wanaiita giro, maji huzunguka kwa saa, na saa ya mtu inaweza kuangukia usiku wa manane. Hapo huamka na taa na jembe. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiondoa majani mferejini kwa reki alitueleza hayo kwa maneno machache ya Kiingereza na mikono mingi. Mama naye akamjibu kwa mikono: akafanya ishara ya mtu anayefungua lango la jirani kimyakimya, akitazama huku na huku. Yule bwana alicheka hadi akaegemea reki.

Nimeona machweo mengi likizoni. Sikumbuki mengi. Hicho kicheko nakikumbuka.

Msitu wenyewe, usije ukafikiri niliupita tu. Laurisilva ni mabaki ya misitu iliyowahi kutanda kusini mwa Ulaya mamilioni ya miaka iliyopita. Madeira ndiko ilikobaki kwa wingi kuliko kwingineko, nayo imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1999. Miti yake huchuja mawingu. Ukungu unapita, majani yanaunasa, unadondoka tone kwa tone, unaingia ardhini, unatokea chemchemi, unaingia mferejini. Ukisimama kimya unasikia mvua ilhali hainyeshi.

Kwa hiyo hata msitu una kazi.

## Kapu jingine

Monte tulikwenda siku iliyofuata. Hayo nimeshayasimulia, nusu yake.

Siku moja baada ya Monte nilimwacha mama akipumzika, nikaenda peke yangu Caldeirão Verde, kutoka Queimadas. Kama kilomita sita na nusu kwenda, na hizohizo kurudi. Kinjia upana wa kiatu na nusu, upande mmoja maji, upande mwingine hewa. Kuna waya wa kushikilia, na kuna mahali ungetamani zipo mbili. Mkikutana na wanaorudi mmoja lazima ajibane ukutani mwenzake apite. Mahandaki ni ya kuinama, giza totoro, lazima uwe na taa, na ukimulika ukutani unaona alama za sululu. Nilipitisha kidole kwenye moja. Ilikuwa na kina cha kidole.

Mwisho wa njia kuna maporomoko ya kama mita 100 yanayoangukia kidimbwi cha kijani. Ni pazuri mno na sina la kuongeza.

Ni wakati wa kurudi, mahali ambapo mfereji umebandikwa kwenye ubavu wa jabali kama rafu, ndipo nilipojiuliza swali la mama. Walichongaje hapa? Walisimama wapi? Chini ya miguu yangu hapakuwa na pa kusimama.

Jioni nilisimuliwa na mwenye nyumba tuliyofikia. Mahali kama pale wachongaji waliteremshwa kutoka juu kwa kamba, wakining'inia, na sululu mkononi. Walikaa ndani ya makapu.

Makapu.

Nilienda chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu vya matope. Mama aliniuliza kama nimeumia.

## Sukari

Nani walikuwa ndani ya makapu hayo? Kwa nyakati tofauti, watu tofauti. Mifereji mingi mikubwa ni ya katikati ya karne ya 20, ilijengwa pamoja na vituo vya umeme wa maji, na waliochonga walikuwa wanakijiji wa kisiwani wanaolipwa kidogo. Lakini ya mwanzo ni ya zama za sukari. Wareno walifika 1419, kisiwa hakina mtu, kimefunikwa na miti mitupu. Madeira maana yake ni mbao. Wakakata, wakachoma, wakapanda miwa. Kufikia mwisho wa karne hiyo sukari ya Madeira ilikuwa ikiuzwa Ulaya kote, na kati ya waliokuwa wakiihangaikia walikuwamo watumwa, kutoka visiwa vya Canary na kutoka bara la Afrika. Mfumo huo ukahamishwa ukiwa umeshajaribiwa: São Tomé, kisha Brazili. Nembo ya Funchal hadi leo ina mabonge matano ya sukari. Niliipita mara kumi nikidhani ni minara.

Nilipomsimulia rafiki yangu habari za kapu la Monte, alicheka sana. "Wazungu wamekusukuma? Ungelipa mara mbili! Ni zamu yetu."

Nami nilicheka. Ulikuwa utani mzuri.

Usiku ukanirudia, ukawa haukai vizuri. Kwa sababu wale wawili, je, ni kina nani? Watu wa milimani. Babu zao ndio waliolima vishamba vya mwenye ardhi na kumgawia mavuno. Ndio waliokimbia njaa karne ya 19, wakaenda kukata miwa Guyana ya Waingereza na Hawaii. Meli iliyofika Honolulu mwaka 1879 na watu wa Madeira ilibeba pia kigitaa chao kidogo, na Wahawaii wakakigeuza ukulele, ala ambayo leo kila mtu huinunua kama kumbukumbu ya mapumziko ufukweni. Iliingia Hawaii mikononi mwa watu waliokwenda kukata miwa.

Zamu ya nani, basi? Na ya kufanya nini?

Upande wa pili wa akili yangu una neno moja: machela. Zamani wageni wa Madeira walibebwa kwenye machela ya kitambaa, wawili mbele na nyuma, wapande milima bila kuchafuka. Tunalijua jambo hilo, na neno lenyewe limepitia midomo ya Wareno. Kila picha ya zamani ya bwana mkubwa aliyebebwa ina watu wawili wasiotajwa, na mara nyingi mmoja amekatwa na ukingo.

Mimi nami sasa ninayo yangu. Iko kwenye kundi la ukoo.

Najua hoja ya upande mwingine, nimejisomea mwenyewe mara nyingi: wanalipwa, ni kazi yao, ukisusa kapu watakula nini? Ni hoja ya kweli. Tatizo langu ni kwamba ndiyo hoja hiyohiyo ambayo angeitoa aliyebebwa kwenye machela, neno kwa neno, na kwa sauti tulivu kama yangu.

Caniçal, upande wa mashariki, kuna makumbusho ya nyangumi. Hadi 1981 wanaume wa kijiji hicho waliwawinda kwa mashua. Mlinzi alikaa juu ya jabali na darubini, akiona pumzi ya nyangumi anatoa ishara. Leo mashua zinabeba watalii wa kutazama, na bado kuna mtu juu ya jabali na darubini, anawaelekeza nahodha. Tulikwenda, tukaona pomboo, hatukuona nyangumi. Mama aliangalia nchi kavu karibu safari nzima. Alikuwa akimtafuta mwenye darubini.

## Kilichotokea chini

Sasa nusu iliyobaki.

Kapu liliposimama Livramento niliruka nje haraka, nikasema asante kwa Kireno changu kibovu, nikatoa bahashishi kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilitaka kuondoka. Mama alikuwa bado amekaa.

Yule mzee wa mishipa ya shingo alimpa mkono ainuke. "Sawubona, mama," akamwambia.

Mama hakujua Kizulu zaidi ya neno la mwisho, na hilo lilimtosha. Mzee alikuwa ameishi Afrika Kusini miaka kumi na minane, kama watu wengi wa kisiwa hicho waliokwenda huko au Venezuela kutafuta maisha. Alikuwa na duka la mboga. Akarudi mama yake alipougua, akachukua kazi ya baba yake, yaani kamba.

Mama akaonyesha viatu. Mzee akainua mguu mmoja nyuma, kama farasi anayepigwa kwato, tukaona soli: mpira mnene, wenye mistari ya gari kabisa.

"Tairi!" mama akapiga kelele. "Mwanangu, mwambie na sisi tunavyo! Mwambie baba yangu alikuwa akivishona!"

Nikatafsiri. Kijana wa mkono, yule wa pembeni ya picha, akasogea. Yeye alitaka kujua soli moja ilidumu muda gani kwa babu. Mama akasema miaka. Yake, kijana akasema, ni miezi, maana barabara inakula. Wakaanza kulinganisha, huyu na mishono, yule na misumari, mimi katikati nikitafsiri maneno ambayo sikuwa nayo kwa lugha yoyote. Nilimuuliza mama "uzi wa katani" ni nini hasa. Akasikitika.

Nyuma yetu lori lilikuwa limefika kuyapandisha makapu. Vijana waliyarundika, moja juu ya jingine.

Mama akashika kamba ya kapu letu, akaipima uzito, akaivuta kidogo. Kapu halikusogea. Akaangalia lami, pale ni tambarare.

"Kaa," akaniambia.

"Mama, twende, gari linangoja."

"Nimesema kaa."

Ukiwa na umri wowote ule, sauti hiyo haina rufaa. Nikakaa. Mzee akataka kusaidia, mama akamkatalia kwa kidole, kisha akaona haiwezekani, akamruhusu yule kijana tu, asukume nyuma kwa mkono mmoja. Mama akavua sandali zake za likizo, akaziweka mapajani mwangu juu ya mkoba, akajifunga vizuri khanga aliyokuwa ameitandaza mabegani, akaiviringisha kamba kiganjani mara mbili.

Akavuta.

Mbao zilikwaruza. Kapu lilisogea hatua nne, labda tano. Kijana alikuwa akihesabu kwa Kireno, madereva wa teksi wamesimama mlangoni mwa magari yao, na mama mbele yangu, mgongo umeinama, visigino vyake viwili vikavu vikiibana lami ya Funchal.

Nilikuwa nimefumbua macho muda wote. Lakini mpigapicha alikuwa kule juu kwenye kona yake, na kapu lililofuata lilikuwa limeshaanza kushuka.